Kioo Hakilii

Emrys aliinunua mashine akitafuta dhahabu ya Warumi.
Miaka kumi na mmoja alipanda na kushuka bonde la Hesgen
akarudi na vifungo vya makoti, senti zilizolika,
risasi moja ya bunduki, na mafua.
Chuma alikichukia. Kuna kitufe cha kukinyamazisha;
alikibonyeza siku ya kwanza, hakukigusa tena.
"Chuma ni kelele, Glenys.
Chuma ni watu wasio na la kusema."

Mimi nimekifungulia.
Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike,
nimevaa spika zake za masikioni, bado zina harufu ya nywele zake,
na natafuta kutu.

Kwa sababu nataka chupa, na kioo hakilii.
Unaweza kusimama juu ya chupa mia tatu
mashine ikakaa kimya kama wifi aliyenuna.
Lakini hakuna mama aliyetupa chupa peke yake.
Alitupa na kopo la nyama, na mpini wa ndoo,
na pete ya pipa, na mlango wa jiko uliopasuka,
na majivu, majivu, majivu,
kila alfajiri, nyuma ya Safu ya Pili,
pale kilima kinapoteremkia kijito
na mwenye nyumba hawezi kuona.
Ukisikia chuma hapa, na hapa, na hapa tena,
makelele yasiyo na mwanzo wala kituo,
umefika jikoni kwa watu.

Jumanne kikalia kitu kikubwa, karibu sana.
Nikachimba. Hakuna. Nikasogea, kikasogea nami.
Lilikuwa goti langu, lile la hospitali.
Nilicheka peke yangu kwenye miiba
hadi kondoo wa Prosser wakaacha kula.
Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, sawa,
lakini waliosema hivyo waliinama kwa magoti ya kuzaliwa nayo.

Chini ya makangaga, mlio mpana kama uwanja.
Udongo mweusi, shubiri mbili, kisha kijivu.
Sepeto ikiingia kwenye majivu hutoa sauti ya mkate mkavu.
Makopo yalimomonyoka mkononi.
Magamba ya chaza. Soli ya kiatu cha mtoto, misumari saba.
Halafu rangi ya kijani.

Chupa za wino, midomo imekatwa ovyo.
Ya sumu, buluu, yenye mbavu,
ili gizani vidole vijue hii siyo.
Na hizi za dawa ya kikohozi, zote za duka moja:
nilifika ishirini na moja nikaacha kuhesabu.
Baba yake Emrys alikohoa hivyo.
Tulipooana tulilala chumba cha pili
tukamsikia kupitia ukuta, mashimo yote aliyochimba
yakipanda moja moja.

Ya mwisho ilikuwa ya soda, shingo imebanwa
na gololi ndani ndiyo kizibo chake.
Nzima. Hizi huwa hazibaki nzima:
watoto wa mgodini walizivunja zote
kwa ajili ya gololi.
Sijui huyu mmoja alikuwa wapi.
Mnunuzi wa Cardiff angenipa pauni arobaini.

Ifan, mjukuu, miaka minane, aliigeuza juu chini.
"Bibi, naweza kuivunja?"
Nikasema hapana, haraka, kama mwenye duka,
kisha nikaona haya, nikamwachia alale nayo.

Nimezima taa. Mashine ya Emrys imekaa kitini kwake,
nayo imezimwa.
Kupitia ukuta:
kli.
Kli-kli.
Ningepaswa kugonga, nimwambie kesho kuna shule.
Nimevuta blanketi hadi kidevuni,
nimetoa sikio moja nje.